Kwa Nini Nimefuta Ile Klipu ya "Ua Mchawi"

Kabla hujaniandikia tena kuuliza ile klipu imeenda wapi, tulia kidogo nikueleze. Akaunti haijadukuliwa. Hatujafungiwa na mtu. Nimeifuta mwenyewe, kwa kidole changu, Jumapili asubuhi, nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na chai imeshapoa mkononi. Na ndiyo, najua ilikuwa klipu yetu kubwa kuliko zote. Najua kukushinda wewe, maana ndiyo iliyokuwa ikininunulia bando.

Kwa wageni: sisi ni watu watano. Wawili tuko hapa Gazi, mmoja Ukunda, mmoja Msambweni, na wa tano yuko Doha, kazi ya ulinzi, anacheza na sisi akitoka zamu. Usiku tunacheza Mobile Legends na kurusha laivu, na kila kitu tunakisema kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo alama yetu. Wengine wanapiga kelele kwa Kiingereza cha kuazima, sisi tunapiga kelele kwa lugha ya nyumbani.

Habari ya Kiswahili ilikuwa wazo langu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imegoma na mimi mwenyewe nimegoma, nilirudi Gazi na laptopu moja, begi moja, na mama ambaye mpaka leo hajaniuliza nitarudi lini darasani. Angeniuliza ingekuwa afadhali. Nilihitaji kitu ambacho mtu akikiona aseme, aah, kumbe huyu kijana hakurudi kulala. Watu wa nje wanaijua Gazi kwa mikoko: mradi wa Mikoko Pamoja ulianza hapa mwaka 2013, jamii inalinda ile mikoko na kuuza hewa ya kaboni, pesa zinaingia kwenye maji na shule. Wapenda historia wanaijua kwa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyekuwa na makao yake hapa na akapigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Kwa gemu hakuna anayeijua. Nikasema basi, hiyo kazi niachieni mimi.

Tukakaa tukagawana majina. Anayetangulia mbele kupokea vipigo tukamwita Ngao. Anayeponya wenzake, Mganga. Anayepiga kwa mbali, Mwindaji. Anayenyemelea na kuuma, Paka. Na yule anayerusha moto, barafu na radi, ambaye kwenye gemu ameandikwa Mage, tukamwita Mchawi. Hilo wala hatukulijadili. Lilikuja lenyewe. Anafanya mambo ya ajabu kwa mikono mitupu, sasa ungemwita nani?

Kama huchezi, jua jambo moja tu. Mchawi wa upande wa pili anapiga sana lakini mwili wake mwepesi. Ukimuacha hai dakika moja zaidi, amewamaliza nyote. Kwa hivyo kanuni ni kumtoa yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye ninayeongoza mechi, na sentensi iliyotoka kinywani mwangu mara nyingi kuliko salamu ni hii: "Ua mchawi! Ua mchawi kwanza!"

Usiku mmoja tulikuwa tunakaribia kushindwa, nikaipiga ile kelele mpaka sauti ikapasuka katikati kama ya jogoo mchanga. Ndiyo hiyo klipu. Watu wakaichukua, wakaiwekea muziki, wakaitia juu ya video za mpira, za harusi, za mbuzi anayekimbia. Mwenzetu wa Ukunda akaanza kuulizia bei ya kuchapisha fulana.

Sasa sikiliza mambo yalivyoanza kuharibika, maana yalianza kwa gemu nyingine kabisa.

Binamu ya huyo wa Ukunda ana PlayStation 5, na ndani yake ana Tales of Kenzera: ZAU. Kama hujaisikia, ilitoka Aprili 2024. Aliyeianzisha ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliitengeneza baada ya kufiwa na baba yake. Unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Wewe fikiria: gemu ya kampuni kubwa, na watu ndani yake wanaongea kama watu. Kisa chenyewe ni cha kijana anayeitwa Zau. Baba yake amekufa, na yeye hataki kukubali. Anamwendea Kalunga, mungu wa kifo, na kufanya naye mapatano: nirudishie baba, nami nitakuletea mizimu watatu wakubwa. Anatembea na vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi. Wikendi moja tukaenda Ukunda watatu kurekodi video, "Watoto wa Gazi Wacheza Kenzera."

Hatukumaliza hata nusu saa bila kugombana. Ngao wetu akasema, haya, huyu Zau ni mchawi, mwoneni, anatoa moto. Mganga wetu akakasirika kama ametukanwa yeye. Akasema huyu ni mganga, kazi yake ni kutuliza mizimu, hamsikii wanavyoongea? Ngao akamwambia, lakini haponyi mtu, anapiga tu. Kwa kanuni zetu anayepiga kwa moto ni mchawi. Mganga akasema basi kanuni zetu ni za kijinga.

Halafu ikaja ile ya ulogi. Ndani ya Kenzera, ukishinda maadui unakusanya nguvu za kukuongezea ujuzi, na hizo nguvu zinaitwa Ulogi. Mwenzetu mmoja, Mdigo wa Kinondo kwa mamake, alicheka mpaka akajilaza kwenye zulia. Kuloga ni kuloga, bana. Hilo neno limetapakaa kote kwa Wabantu: Waganda wana mulogo, Wakikuyu wana murogi, sisi Waswahili tuna mlozi, na popote ulipo habari yake si njema. Sasa mganga anazunguka akiokota ulogi? Ni kama gemu ya polisi ambayo kila ukikamata mwizi unaongezewa pointi za wizi.

Tulibishana saa tatu. Video ikawa ndiyo hayo mabishano, na nilifurahi, maana nilipata nafasi ya kujifanya profesa. Nikaenda kusoma. Nikagundua ile hesabu yetu ya nani ni nani haikutoka kwetu wala Kenzera. Inatoka Marekani. Mwaka 1974 ulitoka mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, na ulikuwa na aina tatu za wachezaji: mpiganaji, mtumia uchawi, na mtu wa dini anayeponya. Nusu ya gemu unazocheza leo kwenye simu ni wajukuu wa ile meza. Kwa hivyo mtu wa Gazi akisema Ngao, Mchawi, Mganga, anahesabu kwa vidole vya wazungu wa mwaka 1974, ila amevivalisha pete za Kiswahili.

Na hesabu haiingii. Kwenye ile meza, anayerusha moto na anayeponya wametofautiana kazi tu, kama beki na winga. Kwetu mganga na mchawi hawajatofautiana kazi. Wametofautiana nia. Mchawi hajulikani kwa moto. Anajulikana kwa kumdhuru mtu wa karibu, jirani au ndugu, kwa siri, bila sababu unayoweza kuielewa. Mganga ndiye unayemkimbilia uliporogwa, na neno lake nalo limetembea mpaka Kongo, ambako ni nganga, na Zimbabwe, ambako ni n'anga. Hata Kiingereza kwa Zau kinatumia "shaman," neno lililotoka Siberia kwenye theluji. Kila mtu anashona nguo ya mwenzake.

Kuhusu ulogi nilisema hivi kwenye video, na bado naamini: huenda waliotengeneza Kenzera hawakukosea. Hata huku kwetu watu hushuku kwamba anayejua kuondoa anajua na kuweka. Huenda ndani ya ule ulimwengu nguvu ni moja, na mkono ndio unaoamua. Mwenye nyumba ndiye anayejua milango yake. Sisi ndio tulioingia na funguo za nyumba nyingine tukalalamika hazifungui. Video nikaifunga kwa tabasamu: "Ukiingia kwenye ulimwengu wa watu, uliza kwanza maneno yao yana maana gani." Mlinipa mioyo mingi sana ile siku. Nikajiona mtu wa busara.

Siku tisa baadaye feni ya chumbani kwangu ikafa.

Mnajua joto la Machi huku. Nikatoa laptopu, nikatandika mkeka kwenye baraza la nyuma, nikavaa hedifoni, tukaingia laivu saa nne usiku. Kutoka barazani kwetu mpaka nyumba ya pili ni hatua kama ishirini, katikati kuna ua wa makuti uliolala upande mmoja. Nyumba hiyo anakaa nyanya mmoja peke yake. Si mtu wa hapa kwa kuzaliwa. Alikuja miaka michache iliyopita kutoka huko ndani bara, akapewa nyumba ya mpwa wake anayefanya kazi Mombasa. Ni mtu wa vichekesho. Kila mwezi hunituma dukani kumnunulia piko ya nywele, na kila mwezi mimi humtania: "Nyanya, mbona wajipaka hivi, unataka kuolewa tena?" Naye hunijibu: "Niletee mume kwanza, piko ninayo."

Ile mechi ilikuwa kali. Saa sita na kitu, mchawi wao amejificha kichakani, amebaki na damu kidogo, yuko peke yake. Nikasimama. Nikapiga kelele, na laivu ile imehifadhiwa, nimeisikiliza tena mara mbili ili nisijidanganye. Nilisema: "Mchawi yuko hapa! Yuko peke yake! Hana mtu! Ingieni, ingieni, ua mchawi! Usimwache atoke!"

Tukashinda. Nikalala vizuri.

Asubuhi Mama aliniamsha kwa mguu. Hakusema kitu mpaka nilipokaa. Kisha akasema, "Wewe jana usiku ulikuwa wamwita nani mchawi?"

Nikamwambia ni gemu, Mama.

Akasema, "Mimi najua ni gemu. Nani mwengine anajua?"

Alfajiri alikuwa amekwenda kwa nyanya kumpelekea mahamri, kama afanyavyo siku nyingi. Akamkuta ameketi kitandani, amevaa viatu, buibui mwilini, furushi la nguo mapajani. Hakulala. Mlango alikuwa ameuegemezea kinu. Alikuwa anangoja kukuche atoke aende barabarani kutafuta gari, popote liendako.

Nikauliza swali la kipumbavu. Nikasema, kwani yeye ana hofu ya nini? Mama akaniangalia kwa muda. "Unamnunulia piko mwaka wa ngapi huu," akasema, "na hujawahi kujiuliza kwa nini mwanamke wa umri ule hataki mvi moja ionekane?"

Sasa wewe unayesoma ukiwa Nairobi au Toronto, nikueleze. Huku Pwani, Kwale na hasa Kilifi, kuna wazee wanaouawa kwa kuitwa wachawi. Si hadithi za zamani, ni habari za redio. Nywele nyeupe zinatosha kuanzisha maneno. Macho mekundu yanatosha, hata kama ni moshi wa kuni wa miaka hamsini. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi ili waishi. Huko Kaya Godoma, kaunti ya Kilifi, kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa sababu hiyo. Na mara nyingi ukichimba chini ya hilo neno unakuta shamba: mzee ana ekari, vijana wanataka kuuza, na mtoto wa mtu anaumwa wakati unaofaa. Bara Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, ni akina mama wazee na macho yao mekundu, kisa hicho hicho.

Yule nyanya, ndugu za marehemu mumewe walimwita jina hilo mbele ya watu. Jirani yake mzee mmoja aliitwa hivyo hivyo, naye hakuwahi kuondoka. Zaidi ya hapo si habari yangu kuisimulia.

Nilikwenda saa nne asubuhi. Nilimkuta nje, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kana kwamba hakuna kitu.

"Shikamoo Nyanya."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nikachuchumaa. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Nikamwambia ni mchezo wa simu, tuko watano, kila mtu na kazi yake. Akaniambia nimwonyeshe. Nikafungua simu, nikamwonyesha yule mchawi wa jana, msichana wa katuni, nywele ndefu, joho linang'aa, kiuno kama cha nyigu. Nyanya akaishika simu mbali na uso, akaitazama sana.

"Huyu ndiye mchawi?"

"Ndiye, Nyanya."

"Mbona mtoto mdogo hivi?" Akanirudishia simu. "Na mzuri."

Nikasema naomba radhi. Akaendelea kukuna nazi. Halafu akaniambia maneno ambayo nimekuwa nikiyasikia kila nikivaa hedifoni. Akasema: "Nilihesabu sauti. Nikasikia moja tu. Nikasema, mmoja hawezi kuja. Wakija huwa wengi. Basi nikangoja nisikie ya pili."

Sauti ya pili ilikuwa ndani ya masikio yangu, Doha na Msambweni na Ukunda, wanacheka.

Nikaenda nyumbani. Nikakaa kizingitini. Nikafikiria ile video yangu ya busara. Kwa ajili ya Kenzera, nchi isiyokuwepo, tulibishana saa tatu kama neno mganga linamkaa Zau na kama ulogi umewekwa mahali pake. Tuliogopa kumkosea mtu wa katuni. Kwa ajili ya Gazi, ambayo ipo, ambayo imenilea, yenye maneno yake na maana zake kabla sijazaliwa, hatukuuliza hata dakika moja. Ndipo nikafuta klipu.

Mkutano wa skwadi ulifanyika usiku huo na haukuwa mzuri. Nitawaambia na hoja za upande wa pili, maana hazikuwa za kitoto.

Ngao alisema ni ajali ya feni. Vaa maiki ya karibu, funga dirisha, punguza sauti, yameisha. Kwa nini neno ndilo lihukumiwe?

Mwindaji akasema Kiswahili chenyewe kimeshalilegeza hilo neno. Watangazaji wa mpira wanamwita kiungo anayechezea watu "mchawi wa soka," na hakuna anayekwenda kumchomea nyumba. Akaongeza kwamba hata wakubwa wanabadilishana hivyo: Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Mũrogi wa Kagogo kwa Kikuyu, halafu akaitafsiri yeye mwenyewe, ikatoka mwaka 2006 kama Wizard of the Crow. Kama Ngũgĩ ameona murogi na wizard vinaweza kusimama mahali pamoja, sisi ni nani?

Wa Doha ndiye aliyenitia kwenye kona. Yeye kwao ndani bara walimpoteza babu kwa jambo hilo hilo. Sikuwa nikijua, tumecheza pamoja miaka miwili. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akasema hapana. Akasema, "Mimi nikisikia vijana wanasema mchawi na maana yake ni msichana wa katuni, moyo wangu unapata nafuu. Nataka hilo neno lichakae. Nataka lifike mahali ukimwambia mtu mchawi acheke. Wewe ukilifuta unalirudishia makali yake."

Nilinyamaza muda mrefu, mpaka wakadhani mtandao umekatika.

Jibu nililompa si zuri sana, lakini ndilo nililo nalo. Nilimwambia neno linachakaa kwa wanaolicheza. Sisi tunalitamka mara mia kwa usiku, kwetu limekuwa jepesi kama ganda la korosho. Yule nyanya hayuko kwenye gemu. Hakuja kwenye kikao cha kugawana majina. Kwake halijachakaa hata kidogo, na sisi hatuwezi kulichakaza kwa niaba yake huku yeye ameegemeza kinu mlangoni. "Mchawi wa soka" linasemwa mchana, uwanjani, kwa mtu anayeshangiliwa. Hakuna anayesema ua mchawi wa soka. Na murogi wa Ngũgĩ ana riwaya nzima, nene kama tofali, ya kueleza alifikaje kuitwa hivyo. Mimi nina kelele ya sekunde sita.

Nikawaambia na jambo moja nililolisoma siku hiyo. Kenya tuna Sheria ya Uchawi, sura ya 67, iliyotungwa mwaka 1925, enzi za mkoloni. Watu wengi wanajua inakataza kujifanya mchawi. Wachache wanajua kwamba inafanya pia kuwa kosa kumshutumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa umepeleka shutuma yako kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Mkoloni alikosea mengi sana huku. Lakini hata yeye aliona kwamba neno hilo likitamkwa juu ya mtu, linatembea lenyewe.

Wa Doha hakukubali mpaka sasa. Alisema tu, "Sawa, wewe ndiye uko karibu na mlango wake." Nadhani hiyo ni haki kuliko kukubali.

Basi tukatafuta neno jingine, na hapo ndipo utajua Kiswahili ni bahari. "Mwanamazingaombwe" ni zuri, lakini ukimaliza kulitamka umeshakufa mara mbili. "Mlozi" ni mchawi yule yule na kofia nyingine. "Msihiri" likapata kura moja, kisha mwenye kura akakumbuka ana shangazi atakayemuuliza. Tukaishia "fundi." Huku Pwani fundi si wa kushona na kujenga tu. Anayeongoza ngoma ni fundi, anayejua kuzungumza na pepo ni fundi, mwalimu wa jambo lolote lenye siri ni fundi. Lina ujuzi ndani yake, na halina jirani anayelia. Mama aliposikia akasema, "Mmuue tu, alichukua pesa za paa langu hajarudi." Na "ua" nayo nimeiacha. Nasema "toa."

Najua mtaniambia nimelainika. Wengine mmeshaniambia, na mmoja ameandika kwamba nimeacha chuo ili nije kuwa ustadhi wa gemu. Hiyo nimeipenda, nitaichapisha kwenye fulana badala ya ile nyingine. Klipu ziko kwenye simu za watu, najua, sina uwezo wa kuzifuata. Zilizo kwenye akaunti yetu nimezitoa zote saba. Mwezi huu bando nimekopa kwa Mama. Ameniuliza kwa mara ya kwanza kazi hii inalipaje, na nimemweleza kwa ukweli, hesabu zote, na hakucheka.

Siwaambii ninyi mseme nini kwenye gemu zenu. Kama mko ghorofa ya tisa na jirani yenu ni mtu wa benki, labda mchawi wenu ni wa katuni tu. Ninawaomba muulize kitu kile kile mnachokiuliza mkiingia Kenzera, au Wakanda, au popote mnapopapenda: hapa ninapopigia kelele, hili neno lina maana gani kwa mtu wa hapa? Uliza kabla feni haijafa.

Juzi Nyanya alinituma tena dukani. Nikaenda, nikaleta piko, nikampa na chenji yake. Sikumtania. Akanitazama, akangoja, akaona kimya.

"Leo hunitafutii mume?" akasema.

Nikamwambia natafuta, Nyanya, ila wa Gazi wote wanakoroma.

Usiku huo feni ilikuwa imepona. Nilifunga dirisha hata hivyo, tukaingia laivu saa nne. Mechi tatu za kwanza tulipoteza, kwa sababu kila nikisema "toa fundi," Ngao alikuwa anasita nusu sekunde kukumbuka ni nani. Ya nne akakumbuka.

Leo tena saa nne. Na kama una neno bora kuliko fundi, fupi, linalotamkika ukiwa unakimbia, liandike hapo chini. Nitalisoma kwa sauti, baada ya kulipitisha kwa Mama.